Bahari ya Shibiri Moja

Desemba, hapa Oulu, jua halichomozi: linachungulia.
Saa nne na nusu linapita kama mdeni mbele ya duka,
saa nane limekwenda zake.
Mimi nakwangua theluji barabarani tangu alfajiri isiyo na alfajiri,
nikirudi natia ufunguo,
na jikoni inawaka bahari:
lita kumi na nane, si zaidi,
juu ya kabati la vikombe, ubavuni mwa kibaniko cha mkate.

Sirkka alinionya. "Samaki wawili watatu wa rangi, Tauno, wangetosha."
Nikataka matumbawe, na si yale malaini ya kupepesuka.
Yale magumu, yanayojijengea mifupa:
tawi la zambarau, tawi la kijani,
na bonge moja mfano wa ubongo wa paka.

Mtaka cha mvunguni huinama.
Changu kilikuwa juu, kwenye taa. Nikapanda kiti.

Huko baharini jua hushuka pima kwa pima,
maji yakilichuja, yakilipunguza makali.
Kwangu, kutoka balbu hadi tawi ni shibiri:
kidole gumba majini, kidole cha mwisho kinaungua.

Taa ya kwanza ilikuwa hafifu.
Matawi yakageuka rangi ya chai iliyosahauliwa.
Kumbe ndani ya ngozi yake tumbawe lina wapangaji,
vijimea visivyoonekana, kodi yao ni chakula,
na mwanga ukiadimika huongezeka,
wakabanana humo kahawia kwa kahawia.

Ya pili niliinunua kwa mtu wa Kemi, wati tisini.
Siku ya nne, ncha nyeupe.
Wapangaji wamehama usiku, hawakuaga.
Weupe uleule ninaoukwangua kutwa
umenifuata mpaka jikoni.

Nikaiinua taa: mwanga ukamwagika darini, ukutani, dirishani.
Nikaishusha: maji yakapata homa,
yakapanda hewani, chumvi ikabaki na kiburi chake,
kila usiku kikombe cha maji baridi, kila usiku.
Nikaweka karatasi ya kuokea chini ya balbu.
Tawi la juu likamfunika kivuli mwenzake wa chini.
Nikamsogeza. Akaegemea kioo.
Katika lita kumi na nane hakuna mahali panapoitwa kando.

Halafu Raili, wa ghorofa ya ng'ambo,
akahesabu usiku kumi na moja wa dirisha la zambarau
akapiga simu.
Konstebo Hautala akavua buti mlangoni, akabaki na soksi zenye tundu.
"Wanasema unapanda kitu."
"Napanda mawe," nikamwambia.

Akayatazama. Theluji ikimdondoka mabegani, tone, tone.
"Yako hai?"
Nikazima mwanga mweupe, nikabakiza buluu, nikamwomba asubiri.
Dakika tano. Kumi.
Ubongo wa paka ukaanza kutoa vidole, vyembamba kama nyuzi,
ukipapasa giza kutafuta cha kula.
Redio yake ikamwita mara mbili, hakuitika.
Akasema mama yake, kule Kuusamo, kaandikiwa taa na daktari,
nusu saa kila asubuhi, kwa ajili ya uzito wa moyo.
"Ameiweka juu ya kabati la nguo," akasema. "Mbali kule.
Anasema inamwumiza macho."
"Mwambie aishushe polepole," nikasema,
nami nikajisikia daktari wa kitu fulani.

Tawi la zambarau halikupona. Nimelitia kwenye kopo la vifungo.
La kijani lingali linasitasita.
Taa sasa inaning'inia kwa kamba za viatu vyangu vya zamani,
nguvu asilimia thelathini na moja;
juma lijalo, tukijaliwa, thelathini na mbili.

Sirkka hajasema lolote.
Anakula mkate wake, uso wa buluu, akisoma gazeti la jana.
Ila leo, nikifagia, nimeona alama za kiti chake sakafuni:
kimesogea kuelekea kioo.
Nikaupima mwendo kwa mkono.
Shibiri, na kidogo.